Gharama ya kumpata mnunuzi wa kiondo

Broka anayefika Kiritiri au Ishiara siku ya soko akiwa na gunia tupu hatozi ada ya kujiunga, wala haulizi kama una simu ya kupanguza. Anachambua vyondo, anapima mdomo kwa shubiri, anaweka kando vilivyopinda, kisha analipa. Mwulize msukaji yeyote wa Mbeere ni njia gani ya kuuza isiyo na gharama, naye atakuonyesha huyo broka. Mimi nasema ndiyo mojawapo ya njia ghali zaidi zilizopo leo kati ya Embu na Meru. Gharama yake haitoki mfukoni mwako, hukatwa kabla pesa haijakufikia, ndiyo maana haionekani.

Ili tusirushe maneno hewani, tuchukue kiondo kimoja cha katani, cha ukubwa wa kati, cha aina inayosukwa Mbeere, Tharaka na sehemu za chini za Meru. Tuseme katani na rangi ni shilingi 150. Ukiikata katani kwenye ua wako, ukaipara na kuisokota mwenyewe juu ya paja, utasema haikugharimu kitu, lakini siku itakapokuishia utainunua, kwa hiyo iandike. Vishikio vya ngozi pamoja na fundi wa kuvishona ni 300. Msukaji ana shamba, ana mbuzi, ana mikutano ya chama. Husuka akitembea na akikaa, na kwa mwezi hutoa vyondo vinne. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Saa za kusuka sizihesabu, kwa kuwa ni zilezile popote kiondo kitakapouzwa. Saa za kuuza ndizo zinazotofautiana.

Soko lenyewe lipo. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kiondo kimerudi mikononi mwa watu wa mjini ambao hawana shosho wa kuwasukia. Na kabla ya hapo kilikuwa kimeshazunguka dunia. African Heritage, duka ambalo Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, alilianzisha Nairobi pamoja na Mmarekani Alan Donovan mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliuza kazi za mikono za Afrika kwa wageni na kwa wateja wa ng'ambo. Enzi hizo msukaji alimwuzia mkusanyaji, mkusanyaji akamwuzia mwenye duka, na mwenye duka peke yake ndiye aliyelijua jina la mnunuzi. Simu imefungua mlango mmoja tu: leo hata msukaji anaweza kulijua jina hilo. Kinachobaki ni kuuliza kulijua kunagharimu kiasi gani.

Broka, soko la Nairobi na rafu ya hoteli

Tumwanze broka. Ananunua kiondo kikiwa bila vishikio, tuseme kwa 500. Toa 150 za katani, unabaki na 350. Hakuna nauli, hakuna bando, na pesa iko mkononi siku hiyohiyo. Mwezi wa Januari, karo ikidaiwa, sifa hiyo ya mwisho inazishinda zote. Tusimtukane pia. Broka ndiye anayebeba hasara ya kiondo kilichoshika ukungu ghalani, ndiye anayelipa gari, ndiye anayekaa na mali miezi mitatu bila kuuza. Ila anayoyajua kuhusu soko hayasemi. Rangi gani zinakwenda, ukubwa gani unaulizwa, bei ya mwisho ni ngapi: hayo ni mtaji wake, na msukaji atasuka miaka kumi bila kuambiwa.

Wapo wanaochoka na hilo wakaamua kwenda Nairobi wenyewe, kwenye Maasai Market, lile soko linalohama siku hadi siku, Ijumaa likiwa Village Market huko Gigiri. Kutoka Embu ni kilomita kama 130, kutoka Meru mjini ni zaidi ya 220. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na malipo ya mahali pa kutandika, tuseme jumla ni 2,000 kwa anayetoka Embu. Amebeba vyondo vinane vyenye vishikio, anauza 1,200 baada ya kuvutana bei. Akiuza vyote vinane, gharama ya safari ni 250 kwa kila kimoja, na faida yake ni 500. Akiuza vitatu, safari inakula 667 kwa kila kimoja na anabaki na shilingi 83. Siku nzima imekwisha na vitano anavirudisha nyumbani. Wale unaowakuta pale kila wiki wanaishi Nairobi, wana wateja wa miaka mingi, na mali yao imetoka pande zote za nchi. Anayetoka Nkubu mara moja kwa miezi miwili hashindani nao kwa usawa. Ningeenda kule mara moja tu, tena si kuuza: kutazama rangi zinazochukuliwa na kusikiliza bei. Nauli hiyo ningeiita ada ya shule.

Rafu ya hoteli au duka la zawadi ni jambo jingine. Hapa kwetu wageni wapo: wanaoelekea Mbuga ya Meru kupitia lango la Murera, wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria au Sirimon, wanaolala Embu wakiwa safarini. Duka huchukua vyondo vyako kwa mali kauli, yaani vinauzwa kwanza ndipo unalipwa, na mwenye duka hubaki na fungu lake. Tuseme kiondo kimewekewa bei ya 2,000 na duka linachukua asilimia 40. Unapata 1,200, toa 450 za katani na vishikio, zinabaki 750. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ya broka, na hukusimama juani. Kasoro ni mbili. Pesa inaweza kuja baada ya miezi mingi, kwa sababu msimu wa wageni ni Julai hadi Septemba na tena Desemba, na katikati yake ni ukimya. Na kama hukuandikiana, hutajua vingapi vimeuzwa. Acha orodha yenye sahihi mbili, weka kwenye kila kiondo kijikaratasi chenye namba, na uulize mapema ni nani anayebeba hasara kikiibiwa au kikififia dirishani.

Njia hii ina tawi lake lililo bora zaidi, nalo ni karakana yenyewe kuwa duka. Nanyuki, ng'ambo tu ya mpaka wa Meru ukipita Timau, kuna Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake kilichoanza mwaka 1977 chini ya Kanisa la Presbyterian. Mgeni anaingia, anaona sufu ikisokotwa na kutiwa rangi, anaona mtambo wa kufumia, halafu ananunua zulia. Anayemwona mtu akifanya kazi habishani bei kama anayekiona kitu kimelala mezani. Embu na Meru zina wasukaji wengi kuliko Nanyuki, lakini ni wangapi wana kibao barabarani? Kibao cha bati na rangi ni gharama ya mara moja. Kujiandikisha kwenye ramani za Google ni bure kabisa, na anayeendesha gari kutoka Nairobi kuelekea Meru hutafuta kwa simu kabla hajasimama.

Simu, bando na gari la Sacco

Hapa ndipo wengi wanapaswa kuanza, na ndipo nitakapokaa zaidi.

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018 na haina malipo. Inakuruhusu kuweka katalogi: picha, bei, ukubwa, rangi. Mteja anaweza kuifungua usiku wa manane bila kukuamsha. Status, kinyume chake, hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo ni ya kuwakumbusha wanaokujua tayari. Facebook na Instagram zinawafikia wasiokujua. TikTok inapenda mwendo, na hapa msukaji ana bahati ambayo mwuza mitumba hana, kwa maana mkono unaosokota katani juu ya paja ni video tosha, bila muziki wala maelezo.

Gharama ya kweli ni bando na mtu wa kushika simu. Bando la saa moja la gigabaiti moja huuzwa kwa kama shilingi ishirini. Anayejua kazi hupiga picha zake zote bila intaneti, akachagua, akaandika maneno, kisha akanunua saa moja na kupakia kila kitu kwa mkupuo. Kumi kwa mwezi ni kama 200, na kwa vyondo vinne hiyo ni 50 kila kimoja. Mteja akilipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa, yeye hakatwi kitu. Wewe unakatwa asilimia 0.55, yaani kama shilingi nane kwa kiondo cha 1,500. Jumla: 1,500, toa 450, toa 50, toa 8. Zinabaki 992. Hakuna njia ya humu nchini niliyoitaja inayofika hapo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu saa. Kwa kila mteja anayenunua, watano huuliza "bei?" na kunyamaza. Mwingine ataomba picha kumi, atauliza kama kuna ya samawati, kisha atasema mwisho wa mwezi. Kwa msukaji wa miaka sitini ambaye macho yanamsumbua, kazi hiyo ni mzigo kuliko kiondo chenyewe, kwa hiyo humwachia mjukuu. Mjukuu naye ni mfanyakazi, hata kama anakaa nyumba hiyohiyo. Makubaliano ya asilimia kumi ya bei, yakisemwa wazi tangu mwanzo mbele ya mama yake, ni shilingi 150 kwa kiondo, na bado msukaji anabaki na 842. Pasipo makubaliano, mjukuu akienda chuo, duka limefungwa, na namba ya simu iliyojulikana na wateja imeondoka naye. Laini ya biashara iandikishwe kwa jina la mwenye biashara. Hili halina mjadala.

Picha haihitaji kamera ya kukodi. Inahitaji mlango ulio wazi asubuhi, kiondo kikiwa kivulini, na mtu amekibeba begani ili ukubwa uonekane. Picha ya kiondo peke yake juu ya zulia la maua imeharibu biashara nyingi: mteja anadhani ni kikubwa, anapokea kidogo, anadai pesa zake. Taja upana wa mdomo na kimo kwa sentimita. Onyesha pia ndani, mahali nyuzi zinapofungwa. Anayeijua kazi nzuri hutazama ndani kwanza.

Usafirishaji ndio uti wa mgongo wa njia hii, na hapa Meru na Embu zimebarikiwa. Magari ya Sacco huondoka mfululizo, na parseli iliyokabidhiwa ofisini asubuhi Embu inachukuliwa Nairobi mchana, kwenye kituo cha magari cha Tea Room. Kwa mzigo mdogo hutoza kama mia mbili au tatu, na ni kawaida mteja kuilipa. Mpigie picha risiti na umtumie. Kwa Mombasa au Kisumu, kampuni za vifurushi au Posta hugharimu zaidi lakini zina namba ya kufuatilia.

Kuaminiana ndiko kugumu. Mnunuzi wa Nairobi ameshatapeliwa, hataki kutuma pesa kwa mtu asiyemjua huko Siakago. Msukaji naye ameshasikia habari za ujumbe bandia wa M-Pesa na za pesa zilizorudishwa baada ya mali kuondoka. Wengi hukutana katikati: nusu kabla ya kusuka, nusu kabla ya gari kuondoka, na salio la M-Pesa likaguliwe kwenye akaunti, si kwenye ujumbe mfupi. Namba ya biashara yenye jina la kikundi humtuliza mteja kuliko jina la mtu binafsi. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen ni takriban shilingi 950, na kwa maoni yangu, pesa hizo huleta imani kubwa kuliko tangazo lolote la bei hiyo.

Kulipia matangazo? Polepole. Tuseme umebusti picha kwa shilingi 200 kwa siku, siku tano. Ni 1,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake, jumla 1,160. Ikikuletea wateja wawili, kila mmoja amekugharimu 580, na zile 992 zimeshuka hadi 412. Broka anakupa 350 bila kukusumbua. Tangazo la kulipia lina maana pale tu mteja mpya anaporudi mara ya pili bila tangazo, au anapoagiza kumi kwa ajili ya harusi au mkutano wa kampuni. Ukiamua kujaribu, elekeza tangazo kwa watu wa Nairobi na Mombasa, usiwatangazie wa kwenu. Kwa sababu hiyohiyo sishauri redio. Wimwaro FM na Muuga FM zina wasikilizaji tele, lakini wengi wao kiondo walisukiwa na mama zao.

Tovuti: ya nani?

Vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Embu au kile cha sayansi na teknolojia cha Meru watakuambia huwezi kufanya biashara bila tovuti. Gharama yake haitishi kama inavyodhaniwa. Jina la .co.ke, linalosimamiwa na KeNIC, ni kama elfu moja hivi kwa mwaka. Nafasi ya kuihifadhi tovuti ndogo kwa makampuni ya humu nchini ni elfu mbili hadi nne. Programu ya WordPress ni bure. Weka 5,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Ukimlipa mtu kuijenga, tuseme 20,000, mwaka wa kwanza ni 25,000.

Mama mmoja anayetoa vyondo vinne kwa mwezi ana 48 kwa mwaka. Gawa: ni shilingi 521 kwa kila kiondo, zaidi ya nusu ya faida yake. Kikundi cha watu ishirini wenye kasi hiyohiyo kina vyondo 960 kwa mwaka, na tovuti ileile inakigharimu kila kiondo shilingi 26. Kwa hesabu hii, tovuti si ghali wala si rahisi. Ni mali ya kikundi. Anayemwuzia mtu mmoja mmoja tovuti ya elfu ishirini huko vijijini anajua anachokifanya, na mnunuzi ndiye asiyejua.

Hata kwa kikundi, isiwe duka lenye vitufe vya kulipia ambavyo hakuna atakayevitunza. Iwe ukurasa mmoja au mitatu: sisi ni nani na tuko wapi, tunasuka nini na kwa muda gani, bei za jumla zinaanzia wapi, namba ya WhatsApp. Mnunuzi wa duka la Karen au wa hoteli ya pwani haulizi kiondo kimoja. Anataka kujua kama mnaweza kutoa hamsini vya ukubwa mmoja, kwa rangi aliyochagua, na lini. Facebook haimjibu hilo vizuri, kwa maana picha ya juzi imeshazama chini. Ukurasa wa kudumu unamjibu. Na mtu aandike humo habari za kazi yenyewe: katani inatoka wapi, rangi inakolezwaje, kwa nini mchoro fulani unachukua wiki mbili. Bei ya 2,500 inahitaji maneno ya kuibeba, na maneno hayo hakuna ayajuaye kuliko aliyesuka.

Tovuti ina mtego wake. Picha ikisambaa na maagizo sitini yakaingia kwa wiki moja, msukaji wa vyondo vinne kwa mwezi anahitaji miezi kumi na mitano kuyamaliza. Atawakopa majirani kazi, vyondo vitatofautiana, mteja wa arobaini atalalamika hadharani. Tangazo linaloita watu kuliko mikono inavyoweza kusuka ni hasara. Kabla ya kulipia chochote, hesabu mikono.

Vikundi vina matatizo yake pia: nani anashika simu, nani alimpa mteja namba yake binafsi kisirisiri, kiondo cha nani kilirudishwa. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na katiba hiyo ndiyo mahali pa kuandika kwamba ukubwa wa kati ni sentimita ngapi. Wasukaji wa Taita wamekwenda mbali zaidi. Wana alama ya pamoja, Taita Basket, waliyoipata kwa msaada wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, ili kikapu cha kwao kitambulike popote kilipo. Mbeere na Tharaka hazina sababu ya kukosa yao.

Upande wa kodi, fikiria kikundi hichohicho cha watu ishirini. Vyondo 80 kwa mwezi kwa 1,500 ni 120,000, na kwa mwaka ni 1,440,000. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanza kwa anayepitisha milioni moja, na kila malipo ya M-Pesa yameandikwa mahali. Waulizeni KRA kabla hawajawauliza ninyi.

Ng'ambo

Dola 45 kwa kiondo, kwa kiwango cha shilingi 129, ni 5,805. Namba hiyo imewavutia wengi kwenye Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono lililoanzishwa Marekani mwaka 2005. Ada zake zinajulikana: senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiweka, nayo hukaa miezi minne, na asilimia 6.5 ya mauzo, ikihesabiwa pia juu ya pesa ya usafiri anayolipa mteja. Usafiri ukiwa dola 35, asilimia hiyo ni dola 5.20. Jumla dola 5.40, karibu shilingi 700. Juu yake kuna ada ya kupokea malipo, na asilimia 15 ya mauzo ikiwa mteja amekuja kupitia matangazo ambayo Etsy huyaweka nje ya soko lake, ambayo duka dogo linaruhusiwa kuyakataa. Yakatae. Na kabla ya hayo yote, soma orodha yao ya nchi ambazo mwuzaji anaruhusiwa kufungulia duka na kulipwa, maana picha nzuri hazisaidii pesa isipokuwa na njia ya kurudi Kenya. PayPal, kwa wateja wanaokujia moja kwa moja, imekuwa ikiunganishwa na M-Pesa tangu 2018, kwa hasara kidogo kwenye ubadilishaji wa fedha.

Kisha forodha. Zamani parseli ya chini ya dola 800 iliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na mteja wa kiondo kimoja sasa anaweza kukuta bili mlangoni. Ulaya, msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 ulikwisha Julai 2021, ingawa mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024 unaiacha mali ya Kenya iingie bila ushuru wa forodha. Mwenye kupeleka vyondo mia tano ndani ya kontena ananufaika na mkataba huo. Mwenye kupeleka kimoja kwa Posta hauhisi.

Kwa hiyo ng'ambo ningepitia kwa mnunuzi wa jumla anayesafirisha, hata akilipa nusu ya bei ya Etsy, mradi alipe sehemu mwanzoni. Au ningepitia njia ambayo haimo katika ushauri wowote wa kitaalamu: sanduku la jamaa. Mtu wa Chuka anayerudi Texas au Birmingham ana kilo 23 za mzigo, na kiondo kilichokunjwa hakizidi kilo moja. Ushuru akiulizwa ataulipa, na kundi lake la WhatsApp la watu wa nyumbani tayari lina wateja. Ni soko dogo, lakini gharama yake ni chai.

Ukinibana niseme nani achague nini, nitasema hivi. Anayesuka peke yake, mwenye haja ya pesa wiki hii, auze viwili kwa broka na viwili kwa simu, na asione aibu. Mwenye mjukuu mwaminifu na bando la shilingi ishirini aanze na WhatsApp, rafu moja ya hoteli, na kibao barabarani. Kikundi cha kumi au zaidi kinachoweza kutoa vyondo vya ukubwa mmoja ndicho kinachostahili tovuti, na hata hicho kiijenge kwa pesa zake. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, inatoza riba ndogo, lakini mkopo unafaa kwa katani na ngozi zitakazouzwa mwezi ujao. Tovuti haiuzi mwezi wa kwanza.

Na ratiba ifuate mvua. Wateja wa Desemba huanza kuuliza Oktoba, lakini mvua za Oktoba zinapofika Embu na Meru katani haikauki sawasawa, rangi huchuja, na picha hutoka na giza. Katani ya Krismasi ikatwe na itiwe rangi Agosti, picha za katalogi zipigwe Septemba kungali na jua, na bei zitangazwe pamoja na tarehe ya mwisho ya kupokea maagizo.